Kutoka Snake mpaka bao la Mollo: gemu za simu zimetoka wapi?

Najua nimepotea kama wiki tatu hivi, ni mambo ya UE, watu tumekesha na madesa mpaka saa tisa usiku huku boom limeshakata siku nyingi. Sasa tumemaliza, mimi niko zangu Mollo, Sumbawanga, nakula ugali wa ulezi kwa migebuka na kupigwa na baridi ya Ufipa. (Wale wa hostel mnaouliza kama nimesafiri kwa ungo, nimepanda basi jamani, na lami ipo.)

Leo sitaandika diary ya kawaida. Nataka niandike historia, tena historia ambayo lekchara hawezi kuniuliza kwenye test. Kaka yangu mkubwa, aliyenipita miaka kumi na tano, mchana ni mtu wa TEHAMA kwenye ofisi moja mjini: anatengeneza printa, anabadilisha pasiwedi za mabosi, anaondoa virusi kwenye flashi. Usiku akirudi Mollo anakaa na simu yake anaandika gemu ya bao. Halipwi hata senti. Mama anasema ni kumaliza bando tu. Mimi nilianza kwa kumcheka, halafu nikaanza kuuliza maswali, na maswali yenyewe ndiyo yamezaa haya mnayosoma.

Tuanzie na nyoka. Mwaka 1997 Nokia walitoa simu ya 6110, na mhandisi wao wa Finland, Taneli Armanto, ndiye aliyeiwekea Snake. Wazo halikuwa lake, manake gemu ya namna hiyo ilikuwepo kwenye mashine za kumbi za Marekani tangu 1976, ikiitwa Blockade. Alichofanya Armanto ni kuibana ndani ya kioo cha pikseli 84 kwa 48. Piga hesabu, hizo ni pikseli 4,032 tu, nyeusi na basi. Kuna kitu kimoja alichofanya ambacho kaka anakisifia kila siku: aliweka ucheleweshaji wa sekunde kiduchu kabla nyoka hajagonga ukuta, ili mchezaji apate nafasi ya mwisho ya kukata kona. Hukuiona, ila kidole chako kiliijua. Ndiyo maana ulikuwa unasema "nimeponea chupuchupu" na kuanza tena.

Baadaye zikaja 3310 mwaka 2000 na 1100 mwaka 2003, ile ya tochi, iliyouzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Wengi wa kizazi cha kaka mguso wao wa kwanza na kompyuta ulikuwa ni hiyo hiyo ya tochi. Lakini angalia jambo moja. Ile simu ilikuwa na kompyuta ndani, gemu zilikuwemo, ila mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Ungeweza kucheza Snake mpaka betri iishe, usingeweza kubadilisha hata rangi ya chakula cha nyoka. Kaka anasema akiwa sekondari alifungua moja kwa bisibisi akitafuta nyoka amekaa wapi, teh teh.

Mlango ulianza kufunguka na Java. Toleo la Java la simu ndogo lilikuwepo tangu 2000, na katikati ya muongo ule simu za kawaida zikawa zinakubali faili la jar. Hapo ndipo gemu zikaanza kusafiri kwa infraredi, halafu bluetooth, ndani ya basi, darasani, kijiweni. Ila simu nyingi za Nokia za bei ya chini za mwanzo zilikuwa hazikubali faili linalozidi kilobaiti 64. Picha moja unayopiga leo ya sahani ya chipsi ni kubwa mara nyingi kuliko gemu nzima ya wakati ule! Na ukitaka kuandika yako ulihitaji kompyuta ya mezani, uandike, uigeuze, uihamishie kwenye simu, ione imegoma, urudi mezani. Kwa mtu wa Sumbawanga wa miaka ile, kompyuta maana yake intaneti kafe na kulipia kwa saa. Nani angelipia saa nne kutafuta nukta mkato iliyosahaulika?

Kwa hiyo msishangae kwamba kwa upande wetu mambo yalichemka kwanza Nairobi. Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa Adventures of Nyangi, gemu ya kompyuta yenye msichana wa Kiafrika anayetafuta mali za kale. Mwaka 2009 yeye na Mghana Eyram Tawia wakaanzisha Leti Arts, Accra na Nairobi, wakahamia zaidi kwenye simu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 ikaja Ma3Racer ya Planet Rackus, hapo hapo Nairobi, unaendesha matatu huku unakwepa watu barabarani. Kila aliyewahi kupanda matatu alijua ile siyo gemu, ni taarifa ya habari.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi hakihusu gemu. Ni cha skripti, zile programu fupi fupi unazoandika na kuona jibu papo hapo. Nokia walileta lugha ya Python kwenye simu zao za Series 60, na katikati ya muongo ule Mmarekani mmoja, Nathan Eagle, alikuwa akifundisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi kuandika programu za simu kwa Java na kwa Python hiyo. Yeye mwenyewe aliishi Kilifi, pwani. Akatengeneza mfumo mdogo: manesi wa hospitali watume SMS kila siku kueleza damu iliyobaki, ili makao yajue nani ameishiwa. Ukaanza vizuri, kisha SMS zikapungua. Sababu? Nesi alikuwa analipia ile SMS mfukoni kwake. Eagle akaongeza kipande kingine cha programu, ukituma taarifa unarudishiwa salio na kidogo cha juu, na SMS zikarudi. Wadau, hilo ni somo zima la muhula. Programu ilikuwa sahihi tangu mwanzo, kilichokosekana ni shilingi chache za vocha.

Sasa turudi kwa watu wa ofisini wanaoandika usiku. Mfalme wao ni Dong Nguyen wa Hanoi, Vietnam. Alikuwa ameajiriwa kuandika programu za vifaa vya kufuatilia teksi. Mwaka 2013, wikiendi ya sikukuu, akatengeneza Flappy Bird, ndege mmoja, mabomba, kidole kimoja. Miezi ikapita bila mtu kuijua, halafu ikalipuka, na mwanzoni mwa 2014 ikaripotiwa kwamba matangazo yanamwingizia dola 50,000 kwa siku. Februari 2014 akaiondoa mwenyewe, akisema imemharibia maisha yake ya kawaida. Mama nilipomsimulia alinyamaza kwanza, akauliza, "Dola elfu hamsini, kwa siku?" Nikamwambia ndiyo mama. Tangu hapo malalamiko ya bando yamepungua kidogo.

Kaka hana ndege. Anatumia Lua, na hapa nataka nikae kidogo maana stori ya Lua ingetakiwa kufundishwa kwenye vyuo vyetu kabla ya kitu kingine. Lua ilizaliwa 1993 kwenye chuo kikuu cha kikatoliki cha Rio de Janeiro, Brazil, mikononi mwa watu watatu: Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes. Tangu 1977 hadi 1992 Brazil ilikuwa na sera ya kubana uingizaji wa kompyuta na programu kutoka nje, kwa hiyo watu walizoea kujitengenezea. Hawa walikuwa wanafanya kazi za kampuni ya mafuta, Petrobras. Walikuwa na lugha ndogo iliyoitwa Sol, yaani jua kwa Kireno. Iliyofuata wakaiita Lua, mwezi. Ni ndogo kiasi kwamba nzima haifiki megabaiti moja, ndiyo maana ikaingia ndani ya gemu za watu wakubwa: World of Warcraft, Angry Birds, na Roblox wanayocheza wadogo zenu. Kumbe lugha inaweza kutoka nchi inayonunua kompyuta kwa shida, na dunia ikaipokea.

Udogo huo una maana kubwa kwa Mollo. Umeme wa Sumbawanga kwa miaka mingi ulikuwa ukivutwa kutoka Zambia kupitia Mbala, na ukikatika umekatika. Laptopu ya kaka betri yake ilikufa zamani, ukichomoa waya inazima. Simu inabaki. Tangu 2015 ipo programu ya bure ya Android inayoitwa Termux, ukiiweka unaandika Lua au Python kwenye simu yenyewe na kuijaribu hapo hapo, bila kompyuta, bila kafe. Kwa maoni yangu hayo ndiyo mapinduzi yenyewe. Watu wanaringia vioo vikubwa na kamera nne, wakati jambo kubwa ni kwamba ile simu iliyokuwa imefungwa kwa ndani sasa unaandikia programu zake ukiwa umekaa jikoni karibu na moto.

Na bao lenyewe si dogo. Mashimo 32, kete 64. Shimo la nyumba linaanza na kete 6, mawili ya jirani yake kete 2 kila moja, na kila mchezaji anabaki na 22 mkononi za kunamua. Zikiisha ndipo mnaingia mtaji. Kula ni lazima kama kupo. Kwenye skripti ya kaka hayo yote ni orodha ya namba 32, na majina yote ni ya Kiswahili: kete, nyumba, kichwa, kimbi, ghala. Kupanda kete ni mstari mmoja, unaongeza 1 kila shimo. Kazi ni nyumba, ambayo ukiifikia wakati wa kula unaweza kusimama hapo au kusafiri nayo, na kompyuta haina roho ya kuamua. Mholanzi Alexander de Voogt aliandika tasnifu nzima mwaka 1995 kuhusu mafundi wa bao wa Zanzibar, wanaoweza kuona kichwani kete zitatua wapi kabla ya kugusa shimo. Wataalamu wa kompyuta wa Maastricht nao mwaka 2002 waliandika jinsi ya kulipangia programu, na moja ya taabu zake ni kwamba ipo mizunguko ya kupanda kete isiyo na mwisho. Mkono hauishi! Kaka ameweka kikomo, zikifika hatua 500 programu inasimama.

Juzi alimpelekea babu jirani yetu aijaribu. Baada ya shikamoo na habari za mashamba, babu akaishika simu kwa mikono miwili.

"Mjukuu wangu, hii inajua kutakata au inajua kula tu?"

"Inajua vyote babu."

Babu akacheza, akashinda mara tatu mfululizo. Kisha akasema, "Ina haraka. Haimtazami mwenzake." Kaka usiku ule hakulala, anatafuta namna ya kuandika kutazama.

Kimebaki kitu kimoja, na hapa nakuja kwenu moja kwa moja. Kuweka gemu kwenye duka la Google unalipa dola 25 mara moja, hizo kaka anazo. Lakini tangu mwishoni mwa 2023 akaunti mpya ya mtu binafsi lazima kwanza ipate watu wa kuijaribu programu. Mwanzoni ilikuwa 20, tangu Desemba 2024 ni 12, nao wakae nayo siku 14 mfululizo bila kujitoa. Kwa kampuni ya Nairobi hiyo ni asubuhi moja. Kwa mtu mmoja wa Mollo ni kuhesabu ukoo mzima nani ana Android. Mpaka leo tumepata saba, babu akiwemo kwa simu ya mjukuu wake. Nitarudi kampasi Jumapili na basi la usiku. Natafuta watano.