Saratani ya Taya na Usugu wa Dawa, Kati ya Iringa na Mulago

Mji wa Iringa nchini Tanzania, uliojengwa takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, uko katika miinuko ambako ni nadra kuonekana saratani ya watoto aliyoieleza mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala. Safari yake ndefu ya gari ya mwaka 1961 ilionyesha kuwa maradhi hayo hufuata joto na mvua, na huadimika nchi inapoinuka.

Meno ya mtoto hulegea, taya likavimba, na uvimbe huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kwa kuwa Uganda haikuwa na mashine za mionzi, Burkitt aligeukia tibakemia, yaani dawa za kuua seli za saratani, na kwa baadhi ya watoto uvimbe uliyeyuka kwa dozi moja tu ya siklofosfamidi. Kwa wengi, hata hivyo, ulirudi, na hapo likazuka suala la usugu, yaani uwezo wa seli zilizosalia kuendelea kuzaliana mbele ya dawa iliyokwisha kuziangamiza nyingine.

Kituo cha limfoma, kundi la saratani ambamo hii ya taya imo, kilichofunguliwa Mulago mwaka 1967, ambacho ndicho chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda, kilichunguza suala hilo chini ya Mmarekani John Ziegler na baadaye Mganda Charles Olweny. Uvimbe uliorudi baada ya wiki chache mara nyingi haukusikia tena dawa, ilhali uliochelewa kurudi uliweza kutibika upya, hata kwa dawa ileile. Ugonjwa uliojificha katika ubongo na maji ya uti wa mgongo ulikuwa jambo jingine kabisa, kwani dawa ya mshipani haikuufikia vya kutosha, na tabibu aliyeuita sugu angebadili dawa pale alipopaswa kubadili njia. Kwa hiyo dawa ya methotreksati ilidungwa ndani ya maji hayo, na siklofosfamidi ikaunganishwa na dawa nyingine, ikiwemo vinkristini itokayo katika mmea wa maua wa Bukini, yaani Madagaska, ili seli iliyoikwepa moja inaswe na nyingine.

Mtoto wa Iringa anayepelekwa Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, kwa saratani ya damu hudungwa methotreksati mgongoni kwa sababu hiyohiyo, kwamba dawa ya mshipani haifiki huko vya kutosha.