Mnyororo na Dhamiri

Huko Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, katika mkoa wa leo wa Katavi, Mapadre Weupe walikabidhiwa ngome ya Wabelgiji mwaka 1885, wakawalea humo watoto waliokombolewa utumwani. Adrien Atiman, naye aliyekombolewa na mapadre hao utotoni, aliwatibu wagonjwa hapo tangu 1889, kwa zaidi ya miaka 60.

Mwaka 1897 Wakweka nao walifika Pemba, wakawapa walioachwa huru kazi ya ujira huko Banani. Wahenga wa Wakweka hao walifungwa magerezani Uingereza, karne ya 17, kwa kukataa imani ya kuamriwa. Hadi sheria ya 1689 ilipowaruhusu kusali wapendavyo.

Basi swali lao latuhusu: mtoto aliyefunguliwa mnyororo akakulia misheni, dini aliichagua, au alichaguliwa? Ukombozi wa mwili hutimia pale nafsi nayo inapoachwa ijichagulie.