Kontena, hifadhidata na daftari la karani wa Mfangano

Mmoja wenu ameniuliza kwa nini nakazania kwamba data zisiachwe ndani ya kontena. Jibu lina historia, na aibu yangu imo humo pia.

Mwaka 1979 Unix toleo la 7 lilikuja na chroot. Kazi yake ilikuwa kuifungia programu ndani ya folda moja, iamini kwamba hiyo ndiyo kompyuta nzima. Lakini kilichofungwa ni mafaili tu. Mtandao ulibaki wa wote, na mwenye mamlaka ya "root" aliweza kutoroka. Mwaka 2000 FreeBSD 4.0 ikaleta "jail", yaani jela, iliyotenga pia watumiaji, anwani ya mtandao na programu zinazoendeshwa. Linux ilifuata polepole: LXC ilitoka 2008, kisha 2013 Docker ikarahisisha mambo hadi sisi wa visiwani tukayaweza.

Urahisi huo ndio ulioniponza. Niliitengenezea kamati ya ufuo mmoja hapa tovuti ya kutunza majina ya wanachama, namba za vitambulisho, na kilo za omena na mbuta za kila siku. Tovuti na hifadhidata ya PostgreSQL nikazipachika kwenye kontena moja. Cheti cha HTTPS nilikipata bure kwa Let's Encrypt, huduma iliyofunguliwa kwa umma Desemba 2015. Basi nikajiona fundi kweli kweli!

Siku moja nikafuta kontena ile ili niweke toleo jipya. Rekodi za wiki tatu zikaenda nayo. Kontena imeundwa ili itupwe, na usichokiweka nje hutupwa pamoja nayo.

Nilipokuwa nahangaika nikagundua kosa la pili: mlango wa 5432 ulikuwa wazi kwa dunia nzima. Nilidhani ufw inauzuia, kumbe Docker hujiandikia kanuni zake na kuipita. Vitambulisho vya watu vilikuwa nje, na Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019.

Kilichotuokoa ni karani wa ufuo. Hakuwahi kuacha kuandika kwenye daftari lake, nalo hulala nyumbani kwake, si ofisini. Jioni mbili tulikaa, yeye akisoma, mimi nikiandika.

Sasa hifadhidata ina kontena yake, data ziko kwenye "volume" nje ya kontena, na 5432 haifunguliwi nje. Tovuti huifikia kwa mtandao wa ndani. Kila usiku nakala hupelekwa kwenye mashine nyingine ng'ambo, Mbita.

Karani bado anaandika daftari lake. Simwambii aache.

Nanyi, nakala zenu hulala wapi? Niandikieni.