Marekani: nani anaamua kama chuma ni cha kuandikishwa?

Nchini Marekani raia anaweza kununua bunduki dukani, lakini si silaha zote ziko sawa mbele ya sheria. Kuna zile zinazouzwa kirahisi, na kuna zile ambazo mtu akikutwa nazo bila kuziandikisha kwa serikali anaweza kufungwa mpaka miaka 10. Silaha fulani iko upande gani? Juu ya swali hilo raia na serikali wanapelekana tribinali tangu zamani. Na kwa kuwa wakaaji wengi wa mashariki mwa Kongo wana ndugu waliopokelewa kule kama wakimbizi, jambo hili si la mbali sana.

Sheria ya 1934

Sheria ya msingi ilitoka mwaka 1934, wakati wa Prezida Franklin Roosevelt. Iligusa bunduki za rafali, bunduki ndefu zilizokatwa mtutu ukawa mfupi, na vyombo vya kuzima mlio. Kila inapotengenezwa au kupita kwa mtu mwingine, ilibidi kulipa kodi ya dola 200, pesa nyingi sana kwa wakati ule, na kuandikisha jina la mwenyewe. Mwaka 1937 Mahakama Kuu ilisema sheria hiyo ni halali, kwani Bunge lina haki ya kutoza kodi.

Mwaka 1968, katika kesi ya Haynes, Mahakama hiyo ilisema mtu asiadhibiwe kwa kukosa kuandikisha silaha ikiwa kuiandikisha ni sawa na kujishitaki mwenyewe. Bunge likarekebisha sheria mwaka uleule. Halafu mwaka 1986 raia wakakatazwa kabisa bunduki mpya za rafali.

Kitako kilicholeta kesi

Kisheria, bunduki ya rafali ni ile inayotoa masasi zaidi ya moja yenyewe kwa tendo moja la gashete. Maneno hayo machache ndiyo yaliyoleta ugomvi mkubwa.

Kuna kitako cha bunduki kinachoteleza mbele na nyuma. Bunduki ikipiga inarudi nyuma, mwenyewe anaisukuma mbele kwa mkono wa pili, na gashete inagonga kidole tena na tena. Masasi yanatoka karibu kama rafali. Kwa miaka mingi ATF, ofisi ya serikali inayosimamia silaha, iliandika barua kusema vitako vya namna hiyo haviwi bunduki ya rafali. Watu wakanunua.

Tarehe 1 Oktoba 2017, mtu mmoja alitumia vitako hivyo kupiga masasi juu ya umati kwenye tamasha la muziki, Las Vegas. Watu 58 walikufa papo hapo au baada ya muda mfupi, na wengine wawili walikufa baadaye kwa majeraha. Mwishoni mwa 2018 ATF ikabadili msimamo: wenye vitako wavivunje au wavilete kabla ya tarehe 26 Machi 2019, bila kulipwa kitu. Michael Cargill, mwenye duka la bunduki mjini Austin, Texas, alirudisha vyake viwili, kisha akaishitaki serikali.

Tarehe 14 Juni 2024 alishinda, majuje sita kwa watatu. Juje Clarence Thomas aliandika kwamba kila risasi inahitaji gashete ifanye kazi upya, basi si tendo moja. Juje Sonia Sotomayor alipinga: mtu anavuta mara moja, na masasi yanaendelea. Juje Samuel Alito, aliyekuwa upande wa walioshinda, alikumbusha kwamba Bunge linaweza kubadili sheria yenyewe.

Serikali haishindwi kila mara. Tarehe 26 Machi 2025, majuje saba kwa wawili walikubali kanuni ya ATF ya 2022 juu ya vipande vinavyouzwa ili mtu aunganishe bunduki nyumbani. Vipande vinavyokaribia kuwa bunduki vinaweza kudaiwa namba ya chuma, na mnunuzi kuchunguzwa kwanza.

Kodi imefika sifuri

Tangu 1 Januari 2026, kodi ya dola 200 imeondolewa kwa vyombo vya kuzima mlio na bunduki za mtutu mfupi. Kuandikisha kumebaki. Maavoka wa wenye silaha wanauliza: kama sheria ilisimama juu ya kodi, na kodi haipo tena, kuandikisha kunasimama juu ya nini? Swali hilo nalo limefikishwa tribinali.

Kwa ndugu walio kule

Ushindi wa Cargill haufungui mlango kila mahali. Majimbo kama California na New York yana sheria zao zinazokataza vitako hivyo. Tena, mgeni ambaye hajapata uraia, akihukumiwa kwa kosa la silaha, anaweza kufukuzwa nchini hata kama ana karata ya kukaa. Kitako kilekile kiliruhusiwa, kikawa kosa, kikaruhusiwa tena. Kabla ya kununua au kupokea chuma cha rafiki, heri kumuuliza avoka wa jimbo unamoishi kuliko kutegemea maneno ya muuzaji.