Kupima Mzigo wa Kompyuta

Kila chombo kinachowatumikia watu wengi huja siku kikaelemewa, na si kila chombo huonyesha taabu yake. Punda aliyetwishwa kupita kiasi huhema na kutota jasho. Kompyuta haihemi wala haitoki jasho. Hukaa kimya, na kazi zikachelewa. Ndiyo sababu wataalamu walilazimika kubuni njia ya kuiuliza hali yake. Historia ya njia hiyo ni fupi, lakini ina mafunzo makubwa.

Katika miaka ya 1960 kompyuta ilikuwa ghali mno, hata watu wengi wakashirikiana moja, kila mmoja akiandika amri zake kwa mashine iliyounganishwa nayo kwa waya. Walipozidi, wote walicheleweshwa, wala hapakuwa na aliyejua kiasi cha msongamano. Huko Marekani mfumo ulioitwa TENEX ukawekewa hesabu ya kazi zinazotaka kuhudumiwa, na wastani wake ukatolewa kila wakati. Agosti 1973 taarifa ya wastani huo ilisambazwa miongoni mwa watumiaji wa ARPANET, mtandao uliozaa intaneti. Hesabu hiyo ikahamia katika Unix, mfumo ulioanzishwa 1969 katika maabara ya Bell, na leo hupatikana kwa kuandika neno moja tu: uptime. Mwaka 1984 William LeFebvre akatoa programu ya top, inayoziorodhesha kazi zote, ile inayokula nguvu nyingi ikiwa juu. Linux, iliyoanzishwa 1991 na Linus Torvalds wa Finland, ikazirithi amri zote mbili.

Ili tufahamu maana ya hesabu hiyo, na twende Karungu, kwenye ghuba ya Ziwa Viktoria katika Kaunti ya Migori, ambako wavuvi huleta sangara, samaki ambaye wenyeji humwita mbuta. Tuseme ufukoni pana mizani moja tu. Ikiwa mashua moja inapimiwa samaki wake na hapana nyingine inayongoja, mzigo wa mizani ni 1. Ikiwa moja inapimiwa na mbili zinangoja, mzigo ni 3, na wenye mashua wameanza kunung'unika. Lakini wakiongeza mizani nyingine tatu, mzigo ule ule wa 3 haumchelewishi mtu. Vivyo hivyo, namba 3 ni taabu kwa kompyuta yenye kichakataji kimoja, na ni starehe kwa ile yenye vinne.

Tena uptime haitoi namba moja, bali tatu: wastani wa dakika 1, wa dakika 5, na wa dakika 15 zilizopita. Hapo ndipo ilipo hekima yake. Zikisomeka 6, 3, 1, mzigo unapanda, na mwangalizi ajiandae. Zikisomeka 1, 3, 6, dhoruba imekwisha kupita, na kuizima kompyuta kwa hofu ni kuwaharibia watu kazi bure.

Hata hivyo namba hutuambia kwamba foleni ipo. Haitutajii sababu yake. Tangu 1993 Linux huhesabu pia kazi zilizokwama zikingoja, kwa mfano, diski isome au iandike. Kwa hiyo mzigo huweza kuwa mkubwa hali kichakataji hakina la kufanya. Ni kama asubuhi ambayo mashua zimejaa ufukoni na karani wa mizani amekaa bure, kwa kuwa lori la barafu halijafika. Anayenunua mizani ya pili siku hiyo ametupa fedha yake. Na shule yenye fedha kidogo huweza kupotea njia iyo hiyo, ikanunua kompyuta mpya mahali palipotaka diski tu.

Watu wa Karungu wana ushahidi mwingine mbele ya macho yao. Kimo cha Ziwa Viktoria kimeandikwa tangu 1896. Mvua kubwa za mwisho wa 1961 zilianza kulipandisha, na kufikia 1964 lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2. Mei 2020 likafika tena kwenye kimo kile, na watu wengi wa mwambao wa Kenya wakayahama makazi yao. Aliyetazama kimo cha siku moja aliona mafuriko. Aliyesoma madaftari ya zamani aliona ziwa limerudi mahali lilipopata kufika, na kwamba aliyejenga hapo alijenga katika njia ya maji.

Basi, msomaji, utakapoketi mbele ya kompyuta nzito, usiilaumu kabla ya kuiuliza. Soma namba zake, zilinganishe na za jana, kisha tafuta sababu. Asiyeandika ya jana hawezi kuyahukumu ya leo.