Mafunzo ya Kuzuia Vidonda vya Mgandamizo (Embu na Meru)

Mafunzo ya kuzuia vidonda vya mgandamizo ni elimu ya kazi wanayopewa wauguzi, matabibu, wahudumu wa wodi na wahamasishaji wa afya ya jamii, ili mgonjwa asiyeweza kujigeuza asiharibike ngozi na nyama kwa kulalia upande mmoja muda mrefu. Watu wengi huviita vidonda vya kitandani, ingawa vinampata pia anayeshinda kwenye kiti cha magurudumu. Makala hii inayaeleza mafunzo hayo kutoka Kianjokoma, mji mdogo wa Kaunti ya Embu kwenye miteremko ya Mlima Kenya, pamoja na eneo la Meru lililo kaskazini yake.

Kidonda na chanzo chake

Ngozi hulishwa na mishipa ya damu iliyo myembamba sana. Mgonjwa akilala chali saa nyingi, nyama hubanwa kati ya mfupa na godoro, mishipa hujifunga na sehemu hiyo hukosa damu. Mtu mwenye afya husikia maumivu akajigeuza hata usingizini. Aliyepooza, aliyepoteza fahamu, aliyedhoofu au aliyefungwa plasta hana uwezo huo.

Chanzo cha pili ni mburuto. Kichwa cha kitanda kikiinuliwa sana, mgonjwa huteleza polepole kuelekea miguuni: mfupa hushuka na mwili, ngozi hung'ang'ania shuka, na mishipa iliyo katikati hunyooshwa hadi kuumia. Unyevu wa jasho, mkojo na choo huilainisha ngozi na kuifanya ichubuke upesi. Sehemu zinazoathirika zaidi ni zile ambazo mfupa uko karibu na ngozi: chini ya kiuno, nyonga, makalio, visigino, vifundo vya miguu, viwiko, mabega na kisogo. Mpira wa kulishia puani, mrija wa oksijeni na ukingo wa plasta huumiza kwa njia hiyohiyo.

Vidonda hupangwa kwa hatua 4. Katika hatua ya kwanza ngozi ni nzima lakini imebadilika rangi, na rangi hiyo haitoweki ikibonyezwa. Katika ya pili tabaka la juu limechubuka au limefanya lengelenge. Katika ya tatu shimo limefika kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi. Katika ya nne misuli, kano au mfupa umeonekana. Kidonda kilichofunikwa na nyama mfu hakipangiwi hatua mpaka nyama hiyo iondolewe. Kuna pia jeraha la ndani, linaloonekana kama doa la zambarau au jeusi kwenye ngozi isiyopasuka, ambalo laweza kufumuka likawa kidonda kirefu kwa siku chache. Kwa kuwa hatua ya kwanza haina kidonda chochote, jopo la ushauri la Marekani liitwalo NPUAP lilibadili jina la Kiingereza mwaka 2016, likaacha neno la kidonda na kuchukua la jeraha.

Historia ya mafunzo

Katika karne ya 19 madaktari walibishana kuhusu chanzo. Jean-Martin Charcot wa Ufaransa aliamini kuwa neva zilizoumia ndizo huozesha ngozi, na kwa imani hiyo hapakuwa na la kufanya. Charles-Édouard Brown-Séquard alikuwa ameshaonyesha kwa majaribio ya wanyama kwamba ngozi hubaki nzima ikiondolewa mgandamizo na kuwekwa safi. Mwaka 1859 Florence Nightingale aliandika katika kitabu chake Notes on Nursing kwamba vidonda hivi mara nyingi hutokana na uuguzi kuliko ugonjwa wenyewe. Leo inajulikana kuwa baadhi hutokea hata mgonjwa akitunzwa vizuri, hasa aliye mahututi, lakini vingi huzuilika.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1944, Ludwig Guttmann alipofungua kituo cha majeraha ya uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Majeruhi waliopooza walikuwa wakifa kwa maambukizi ya mkojo na ya vidonda. Guttmann aliagiza wageuzwe kila saa 2, mchana na usiku, na wengi wakaishi. Mwaka 1962 Doreen Norton alitoa kipimo cha kwanza kilichoenea cha kutambua mgonjwa aliye hatarini. Kipimo cha Barbara Braden na Nancy Bergstrom kilichapishwa mwaka 1987, nao mwongozo wa kimataifa ukatolewa mwaka 2009 na kupitiwa upya mwaka 2014 na 2019.

Mazingira ya Embu na Meru

Tangu mwaka 2013 hospitali za umma za Kenya, isipokuwa zile za rufaa za kitaifa, ziko chini ya serikali za kaunti. Mgonjwa wa Kianjokoma huanzia kwenye zahanati au hospitali ya kaunti ndogo, na hali ikizidi hupelekwa katika hospitali ya rufaa mjini Embu. Aliyevunjika uti wa mgongo anaweza kufika hadi Hospitali ya Kitaifa ya Majeraha ya Uti wa Mgongo jijini Nairobi. Katika kila hatua ya safari hiyo amelala, mara nyingi juu ya ubao au machela ngumu, na saa zote hizo zinahesabika kwenye ngozi yake. Kwa sababu hiyo mafunzo hayamwachi nje dereva wa ambulensi wala mhudumu wa mapokezi.

Wagonjwa wa aina hii wanajulikana vijijini: mzee aliyepatwa na kiharusi, bibi aliyevunjika nyonga, kijana aliyeumia kwa ajali ya bodaboda, mtu aliyeanguka kutoka juu ya mti akichuma matunda.

Eneo lina vyuo vingi vya uuguzi. Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya (KMTC), ambacho mwanzo wake ni mwaka 1927, kina kampasi Embu na Meru. Kuna vyuo vya uuguzi vya hospitali za misheni, kama Chogoria, iliyoanzishwa na Kanisa la Scotland mwaka 1922, na zile za Consolata za Kyeni na Nkubu. Wanafunzi hujifunza kumgeuza mgonjwa, kumwogesha na kumtandikia kitanda mapema katika masomo yao. Shida huja baadaye, pale muuguzi aliyehitimu anapojikuta usiku na wodi nzima mikononi mwake.

Mambo yanayofundishwa

Kupima hatari. Kipimo cha Braden huangalia mambo 6: hisia, unyevu, shughuli, uwezo wa kujigeuza, lishe, na mkwaruzo pamoja na mburuto. Jumla huanzia alama 6 hadi 23, na 18 au chini yake kwa kawaida huashiria hatari. Kipimo cha Norton kina mambo 5 na alama 5 hadi 20. Mgonjwa hupimwa anapolazwa na kila hali yake inapobadilika. Alama pekee hazimkingi mtu. Faida yake ni kumwambia muuguzi mwenye wagonjwa wengi aanze na nani.

Kugeuza na kulaza. Mgonjwa hulazwa kwa mwinamo wa nyuzi 30 huku akiegemezwa mto mgongoni, maana kumlaza ubavu kamili hukandamiza nyonga. Kichwa cha kitanda kisipite nyuzi 30 isipokuwa wakati wa kula au pale ugonjwa unapodai. Visigino huinuliwa hewani kwa mto unaowekwa chini ya mashavu ya miguu. Mgonjwa husogezwa na watu 2 kwa kumnyanyua kwa shuka, bila kumkokota. Kanuni ya saa 2 ni mwanzo mzuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa wazee waliolala kwenye magodoro mazito ya sponji waliweza kugeuzwa kila saa 3 au 4 bila kuongezeka kwa vidonda. Godoro lililobonyea hadi kugusa chuma cha kitanda haliruhusu subira hiyo, kwa hiyo wanafunzi hufundishwa kupenyeza kiganja chini ya godoro na kuhisi kama mfupa wa mgonjwa umekifikia.

Unyevu. Ngozi husafishwa kila inapochafuka, hukaushwa kwa kugusagusa na hupakwa mafuta mazito ya kuzuia maji. Mpira wa kutandika huokoa godoro, lakini mgonjwa akilala juu yake bila shuka hutokwa jasho na kuloana.

Lishe. Mwongozo wa 2014 ulishauri mtu mzima aliye katika hatari ya kidonda na ya utapiamlo apate gramu 1.25 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwenye miteremko ya Mlima Kenya hicho si chakula cha mbali: ni mayai, maziwa, maharagwe na ndengu. Uji mtupu asubuhi na jioni hautoshi kujenga ngozi.

Kumbukumbu. Kila mgeuzo huandikwa kwenye chati iliyo kando ya kitanda, pamoja na saa, upande na hali ya ngozi. Wakati wa kukabidhiana zamu, wauguzi wa zamu zote mbili huitazama ngozi ya mgonjwa pamoja.

Kusoma ngozi nyeusi

Hapa ndipo mafunzo ya Afrika Mashariki yanapohitaji uangalifu wa pekee. Vitabu vingi vya uuguzi vilivyoandikwa Ulaya na Marekani vinamwelekeza mwanafunzi atafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo waweza usionekane kabisa, na muuguzi anayeungoja atakiona kidonda kikiwa tayari kimepasuka. Mkufunzi mzuri humfundisha kutumia kiganja: alinganishe joto la sehemu hiyo na ngozi ya jirani, ahisi kama pamekuwa pagumu au pametepeta, aangalie kama pameiva rangi ya zambarau au pamekoza kuliko kawaida, na amuulize mgonjwa kama pana maumivu au mwasho. Mwanga wa dirishani au tochi husaidia.

Baridi ya mlimani ina changamoto yake. Katika wodi yenye ubaridi ni rahisi kumwacha mgonjwa chini ya mablanketi na kuhofia kumfunua. Wanafunzi hufundishwa kumfunua sehemu moja baada ya nyingine na kumfunika mara moja, ili heshima na joto lake vihifadhiwe huku ngozi yote ikionekana.

Mazoea yanayosahihishwa

Baadhi ya mambo yaliyofanywa zamani kwa nia njema yameonekana kuwa na madhara. Kusugua kwa nguvu mahali palipobadilika rangi huumiza mishipa ambayo tayari imedhoofika. Mto wa duara wenye tundu huhamishia mgandamizo kwenye ukingo wake. Glavu iliyojazwa maji na kuwekwa chini ya kisigino haiondoi mgandamizo. Matandiko mengi chini ya mgonjwa hupunguza faida ya godoro zuri.

Jinsi ya kufundisha

Somo la darasani pekee halidumu. Uhakiki wa shirika la Cochrane wa mwaka 2018 ulipata tafiti 5 tu zilizofaa kuhusu elimu ya wahudumu wa afya, na haukuweza kuthibitisha kwamba elimu peke yake hupunguza vidonda. Ndiyo maana wakufunzi huiambatanisha na vifaa, chati na usimamizi.

Njia inayofaa hospitali ndogo ni masomo mafupi wodini. Muuguzi mmoja hulazwa kitandani na wenzake humgeuza. Kisha huachwa bila kusogea kwa dakika 20, akisikia mwenyewe kisigino kikianza kuuma. Baadaye wote hufuatana hadi kwa mgonjwa halisi, kwa ruhusa yake, na kila mmoja huigusa ngozi na kusema anachohisi. Mhudumu wa usafi na mpishi nao hualikwa, kwa sababu mmoja huliona shuka lililoloa kabla ya muuguzi, na mwingine anajua sahani ipi ilirudi ikiwa imejaa.

Jamaa na nyumbani

Katika wodi nyingi za Kenya mkono unaomgeuza mgonjwa ni wa binti, mke au ndugu. Kumfundisha huyo ni sehemu ya kazi ya muuguzi, na hufanywa kwa lugha anayoielewa, iwe Kiembu, Kimeru au Kiswahili. Jamaa hufundishwa kwa kufanya: anageuza yeye, muuguzi akitazama, mpaka aweze bila kuelekezwa. Kabla ya mgonjwa kuruhusiwa huulizwa nyumbani kuna godoro gani, nani atakuwepo wakati wengine wamekwenda kuchuma chai, na usiku ataamka nani.

Tangu mwaka 2023 Kenya ina zaidi ya wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000, na kila mmoja hutembelea takriban kaya 100. Wakifundishwa kuomba kuona mgongo na visigino vya anayelala kitandani, wanaweza kukitambua kidonda kingali doa.

Kupima matokeo

Ujuzi hupimwa kwa mitihani kama ule wa mtafiti Pieper wa mwaka 1995, wenye maswali 47. Kipimo kilicho karibu zaidi na mgonjwa ni hesabu ya wodi yenyewe: wangapi walilazwa wakiwa na ngozi nzima, na wangapi walipata kidonda kabla ya kutoka. Hesabu hiyo hutunzwa bila kumsaka wa kulaumiwa, kwa kuwa muuguzi anayeogopa lawama huficha doa la kwanza, nalo ndilo doa ambalo bado linaweza kupona kwa mto, kiganja na saa ya ukutani.