Mchuuzi Joram

Mwaka jana nilizunguka na mkoba wa vitabu vyangu, Mbagala hadi Manzese, mpaka miguu ikavimba. Kuandika nikaacha. Muuza vitabu mmoja wa Temeke akanicheka: "Dogo, Joram Kiango ndo alikuwa anazunguka, siyo Mtobwa!"

Kweli. Mwaka 1974 Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona. Ben Mtobwa, mwanzilishi wa Heko Publishers, akawa na Joram wake. Aliyemaliza kitabu kimoja alimtafuta shujaa yule yule katika kingine. Mtobwa alifariki 2008. Pale Temeke Joram bado anaulizwa.

Basi mkoba natoka nao Jumamosi tu. Siku zingine naandika cha pili.